Bomba la methani kupita katikati ya kartie za Goma: tupinge kwa hoja gani?

Amani_Kyeshero anauliza:

Yambo kwenu wote. Kila methani ya Ziwa Kivu inapozungumzwa, watu wanataja megawati, bei ya makala (makaa ya kupikia) na hofu ya ziwa kulipuka. Bomba halitajwi. Gesi ikishatolewa ziwani lazima ifikishwe nchi kavu, na ikitakiwa viwandani au kwenye vituo vya kujazia mitungi lazima ipite mahali fulani. Goma haina mahali patupu. Kuanzia Kyeshero, Himbi, Katindo mpaka Majengo, nyumba zimebanana.

Kwenye vikao vya nyumba kumi mawazo yamegawanyika. Kuna wanaosema tukatae hata kabla ya kusikiliza. Kuna wanaosema fidia nzuri ikitolewa, basi. Wote tunaongea bila vipimo. Ninaomba wanaoijua kazi hii waseme: hatari ya bomba inafika mita ngapi, ni karatasi gani tuzidai, na sheria inatupa nafasi wakati gani, kabla mtaro haujachimbwa au baada. Tena neno "upanuzi" linanitatiza. Nchi nyingine bomba linaanza dogo, watu wanalizoea, kisha linapanuliwa. Hilo linafanyikaje kiufundi?

---

Fundi_Bomba anajibu:

Ndugu Amani, kabla ya jambo lolote daini namba mbili: kipenyo cha bomba, na presha ya juu kabisa litakayoruhusiwa kubeba. Mradi usiotoa namba hizo haujatoa kitu, hata ukileta picha nzuri za rangi.

Kwa namba hizo mbili unapata umbali wa hatari, yaani eneo ambalo bomba likipasuka na gesi ikawaka, nyumba zinaweza kushika moto na mtu asiyewahi kukimbia anaweza kufa kwa joto. Hesabu yake imo katika kanuni ya ASME B31.8S ya Marekani na inafanyika kwa simu: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa kipeuo cha pili cha presha kwa bar (ile racine carrée ya shuleni), kisha zidisha kwa 0.0315. Jibu ni mita kutoka bombani, kila upande.

Mfano. Bomba la milimita 300 likiwa na bar 16: 0.0315 × 300 × 4, ni kama mita 38. Bomba la milimita 600 likiwa na bar 64: mita 151. Kwa parseli za Goma, mita 151 kila upande ni avenue kadhaa kwa pamoja.

Msiuchukue umbali huo kama ukuta. Tarehe 9 Septemba 2010 bomba la inchi 30 lilipasuka San Bruno, California, likiwa na presha ya takriban bar 26 au 27. Hesabu inatoa kama mita 124, lakini uharibifu wa moto ulifika karibu mita 180. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Bomba lilikuwa limewekwa mwaka 1956, na kiungo chake cha kulehemu kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza. Na ilichukua dakika 95 kuzuia gesi isiendelee kulisha moto. Hiyo 95 iwekeni kichwani, nitairudia.

Sasa upanuzi. Kuna njia tatu na wananchi huwa wanaiona moja tu. Ya kwanza ni kulaza bomba la pili kando ya lile la zamani. Hiyo mtaiona, kuna mtaro. Ya pili ni kuongeza kompresa njiani ili gesi nyingi zaidi isukumwe ndani ya bomba lilelile. Hapo kinachoonekana ni jengo moja la kelele mahali fulani, pengine mbali na ninyi. Ya tatu ni kupandisha presha tu. Chukua lile bomba la milimita 300 na uitoe bar 16 uifikishe 32: umbali wa hatari unatoka mita 38 unafika 53. Hakuna jembe lililogusa ardhi, hakuna aliyebisha hodi, na nyumba zilizokuwa nje ya ukanda sasa zimo ndani. Kwa hiyo kwenye barua yenu ya kwanza kabisa andikeni: presha ya juu iandikwe kwenye kibali, na kuipandisha kuhesabiwe kama mradi mpya wenye uchunguzi mpya. Hili ni rahisi kulipata kabla ya kibali. Baadaye ni vigumu mno.

Jambo la pili ni unene wa chuma. Kanuni za Marekani zinagawa maeneo kwa madaraja manne kwa kuhesabu majengo ndani ya mita 200 kila upande, kwenye urefu wa maili moja. Majengo 10 au pungufu ni daraja la 1, 11 hadi 45 la 2, 46 au zaidi la 3, na pale ambapo majengo ya ghorofa nne au zaidi ndiyo mengi ni la 4. Daraja la 1 chuma kinaruhusiwa kubebeshwa asilimia 72 ya nguvu yake, la 2 asilimia 60, la 3 asilimia 50, la 4 asilimia 40. Faida yake mtaiona kwa hesabu: bomba la milimita 324 la chuma cha aina ya X42 kwa bar 70 linahitaji unene wa milimita 5.4 likiwa porini, na milimita 9.8 likiwa daraja la 4. Tofauti hiyo ni pesa nyingi kwa kila kilomita, ndiyo maana wachoraji wa ramani hupenda kuhesabu nyumba kwa picha za setilaiti za zamani. Ninyi hesabuni wenyewe kwa miguu. Wawili wawili, daftari, GPS ya simu, mita 200 kushoto na kulia ya mstari. Andikeni nyumba, ghorofa, shule, kanisa, soko, kituo cha afya. Maeneo ya wazi wanapokusanyika watu 20 au zaidi kwa siku zisizopungua 50 kwa mwaka yanahesabiwa peke yake, kwa hiyo uwanja wa mpira na kanisa la turubai vyote vinaingia. Goma mjini mtafika daraja la 3 karibu kila mahali mtakapopima.

Kuhusu Kivu yenyewe. Ziwa lina takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi, kwa hiyo kinachotoka chini si methani tupu. Gesi inaoshwa kwa maji ili kaboni dioksidi ipungue, lakini haiishi yote, na kuna hidrojeni salfidi kidogo. Gesi kavu haina tatizo kubwa na chuma. Ikiwa na unyevu, kaboni dioksidi inageuka asidi inayokula bomba kutoka ndani, sehemu za chini kabisa ambako maji yanatuama, nayo hidrojeni salfidi inaweza kupasua chuma kigumu bila dalili ya kutu. Ulizeni: gesi inakaushwa wapi? Unyevu uliobaki ndani yake unapimwa kila baada ya muda gani? Bomba lina mahali pa kuingizia kile kifaa cha kusafishia na kukagulia kinachosukumwa na gesi ndani? Bomba lisiloingilika na kifaa hicho halikaguliki kutoka ndani, ni kubahatisha tu.

Na ile 95: ulizeni nani anafunga valvu, akiwa wapi, kwa dakika ngapi. Kwa mabomba mapya makubwa ya inchi 6 kwenda juu, Marekani tangu 2022 inataka valvu zifungwe ndani ya dakika 30 tangu mpasuko ujulikane. "Tutatuma fundi" si jibu mjini Goma saa kumi na moja jioni.

---

Jiwe_la_Moto anajibu:

Fundi amesema vizuri, lakini bomba lake lipo kwenye udongo. Goma hakuna udongo, kuna lava.

Kwenye maeneo ya makazi kina cha kawaida juu ya bomba ni sentimita 91. Kwenye mwamba kanuni zilezile za Marekani zinaruhusu 61. Mkandarasi atakimbilia hiyo 61, kwa sababu kila sentimita ya lava inavunjwa kwa nyundo ya haidroliki. Msikubali hivihivi. Ruhusa hiyo inategemea kwamba mwamba wenyewe unalilinda bomba. Lava ya Goma imejaa nyufa na mapango, na juu yake kila mtu anachimba: shimo la choo, fosse septique, bomba la maji, fibre optique. Duniani kote kuchimbwa na watu wengine ni kati ya sababu kuu za mabomba kupasuka. Kwa hiyo daini sentimita 91 mjini hata kama ni mwamba, bamba za zege juu ya bomba, na mkanda wa rangi wa onyo sentimita 30 juu ya bamba ili mchimbaji aukute kwanza.

Mtaroni, bomba lisigusane na lava hata mahali pamoja. Jiwe kali linakwaruza ngozi ya plastiki iliyofunika chuma, na pale penye mkwaruzo kutu inaanza. Panatakiwa mchanga usio na mawe, angalau sentimita 15 chini, kando na juu. Goma mchanga wa namna hiyo unatoka mbali na una bei, kwa hiyo ndipo pa kwanza wanapobana matumizi. Ombeni mtu wa kartie awepo mtaroni siku bomba linalazwa, na ngozi ipimwe kwa kifaa cha umeme kabla ya kufukiwa. Pengo likiwepo kifaa kinapiga cheche.

Kisha kuna volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 iliishia Buhene, lakini siku zilizofuata matetemeko yalifungua nyufa ndani ya mji wenyewe, na tarehe 27 Mei kartie 10 ziliamriwa kuhama. Lava inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Bomba linalokwenda mashariki–magharibi linakata njia zake zote. Bomba linalopanda kutoka ziwani kwenda juu linaweza kulazwa kati ya njia mbili, lakini linaikaribia milima. Mchoro wowote wa njia uwekwe juu ya ramani ya mtiririko wa 1977, 2002 na 2021 pamoja na nyufa za 2021, na kila ufa ukivukwa pawe na valvu pande zote mbili, ya kufungwa kutoka mbali. Siku volkano ikilipuka hakuna fundi atakayekwenda kuzungusha gurudumu wakati mji mzima uko barabarani kuelekea Sake.

Jambo jingine linalosahauliwa. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kupotea. Hiyo ni kweli uwanjani. Chini ya gamba la lava au lami haiwezi kupanda, inatembea pembeni kupitia nyufa na inaweza kutokea ndani ya nyumba ya mtu mbali na mvujo. Ikifika asilimia 5 ya hewa ya chumba, mbabula (jiko la makala) moja inatosha. Kwa hiyo ukaguzi wa mvujo wa kutembea juu ya mstari peke yake hautoshi hapa. Pawe na mashimo ya kupimia pembeni, kuelekea nyumba. Na gesi itiwe harufu kabla ya kuingia mjini, mtu aisikie ikiwa bado asilimia 1.

Kama kuna anayependekeza kuleta gesi ambayo haijaoshwa mpaka nchi kavu na kuioshea huko, pingeni bila majadiliano. Hiyo ina kaboni dioksidi nyingi, nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni. Watu wa Lac Vert, Bulengo na Sake wanaijua mazuku, ile hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua. Hakuna haja ya kutengeneza nyingine.

---

Maître_Ndosho anajibu:

Kwa upande wa sheria, Amani, nafasi yenu ni kabla ya kibali. Baada ya mtaro kufunguliwa mnabaki na fidia tu.

Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira, kifungu cha 21, inadai mradi wenye athari ufanyiwe étude d'impact, EIES (uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii), yenye mpango wa usimamizi ndani yake. Kifungu cha 24 kinadai enquête publique (kusikiliza wananchi) itangulie, na malengo yake yameandikwa: kuwapa watu habari, kujua haki walizo nazo kwenye eneo, na kupokea maoni na mapendekezo mbadala. Hilo la mwisho lishikeni. Sheria inataka mapendekezo mbadala yenu yasikilizwe, kwa hiyo barua inayosema "hatutaki" ina uzito mdogo kuliko barua inayosema "hatutaki njia hii, njia ile inafaa zaidi, na hizi hapa sababu". Wanaoichambua EIES ni Agence Congolaise de l'Environnement (ACE). Mafuta na gesi vina sheria yake, nambari 15/012 ya tarehe 1 Agosti 2015. Na Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama.

Namna ya kuandika. Barua moja kwa mada moja: presha, njia, kina, valvu, fidia, kila moja na barua yake, kwa sababu barua ndefu ya malalamiko kumi hujibiwa lalamiko moja rahisi na mengine yanapotea. Nakala mbili. Moja inabaki, ya pili inarudi nanyi ikiwa na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Bila accusé de réception hamjaandika. Nakala kwa chef de quartier, bourgmestre, Division ya Mazingira ya jimbo, ACE na kampuni. Saini za watu ziwe na nambari ya parseli, siyo majina matupu.

Kuna mtego mmoja ninataka muuone mapema. Mtu akinyang'anywa parseli, kifungu cha 34 cha Katiba kinadai fidia ya haki inayotangulia, na sheria nambari 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977 inampa mwezi mmoja tangu apokee uamuzi ili atoe pingamizi na madai yake. Watu wanaukosa mwezi huo kwa kusubiri "kamati". Lakini bomba mara nyingi halinyang'anyi. Linaweka servitude: parseli inabaki yako, ila huruhusiwi kujenga, kuchimba wala kupanda mti juu ya ukanda fulani. Kampuni italipa mazao na ukuta uliobomolewa, basi. Parseli ya mita 15 kwa 20 ikikatwa na ukanda wa mita 10 haina tena maana. Daini mapema, kwa maandishi, kwamba parseli isiyoweza tena kujengwa ihesabiwe imechukuliwa yote.

Mkitaka kuandamana, kifungu cha 26 kinasema mjulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha. Hifadhini nakala yenye muhuri.

---

Yaya_Furaha anajibu:

Mnafundisha watu namna ya kulikubali bomba kwa masharti. Mtu ana haki ya kukataa lote, na tuangalie waliokataa walifika wapi.

Mfano wa karibu ni Mtwara, kusini mwa Tanzania. Desemba 2012 watu waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi yao Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500. Januari na tena Mei 2013 ghasia zilitokea, watu walikufa, jeshi likaingia. Bomba lilikamilika 2015. Dai lao la msingi lilikuwa la haki kabisa: kwa nini umeme na viwanda visijengwe huku gesi inakotoka? Lakini lilifika barabarani wakati mkataba wa ujenzi na mkopo vimekwisha kusainiwa. Hapo serikali haikuwa na mlango wa kurudi nyuma hata kama ingetaka.

Marekani kuna walioshinda, na tuangalie walishinda kwa nini. Bomba la Constitution lilikuwa na kibali cha serikali kuu. Aprili 2016 jimbo la New York likakataa cheti cha ubora wa maji, kwa sababu njia ilivuka mamia ya vijito na maelezo ya namna ya kuvivuka hayakutosha. Kampuni iliuacha mradi Februari 2020. Bomba la Atlantic Coast, karibu kilomita 960, liliachwa Julai 2020. Kabla ya hapo, mwezi Januari, mahakama ilifuta kibali cha kompresa yake ya Union Hill, Virginia, kwa kuwa wakuu hawakuchunguza vya kutosha madhara kwa jamii ya watu weusi wanaoishi pale. Wenyeji walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakahesabu nani anaishi wapi, huku takwimu za kampuni zikionyesha eneo lenye watu wachache.

Lakini bomba la Mountain Valley, kilomita 488, lilipingwa miaka mingi kwa njia hizohizo na Bunge likalipitisha kwa sheria mwaka 2023. Gesi inapita tangu Juni 2024. Na Constitution nayo, kampuni ilijaribu kuifufua 2025. Kwa hiyo mafaili yenu msiyachome hata mkishinda.

Nilichokiona katika yote: waliosimamisha bomba walishika kibali kimoja kidogo ambacho mradi haukuweza kukikwepa. Maji, hewa, hesabu ya watu. Kwetu kibali hicho ni kipi? Mimi ninasema ni ziwa.

---

Sambaza_243 anajibu:

Yaya Furaha, na mimi ninasema ni ziwa, ila kwa sababu nyingine. Pendekezo mbadala ambalo Maître analitaka liko wazi: gesi ichomwe ufukweni, umeme ndio upite mjini. Ndivyo mradi wa KivuWatt ulivyofanya upande wa Rwanda, Karongi. Jukwaa la kutolea gesi liko kama kilomita 13 ndani ya ziwa, bomba linapita majini, mtambo wa megawati 26 uko pale bomba linapotua. Bomba la nchi kavu ni fupi sana. Nyaya zinaweza kuanguka, ndiyo, lakini waya haubomoi avenue. Anayetaka kupeleka gesi yenyewe mpaka katikati ya Goma, athibitishe kwa maandishi kwa nini umeme hautoshi kwa kazi hiyo.

Halafu msiwasahau watu wa majini. Bomba linaloelea lina ukanda ambao mitumbwi hairuhusiwi kuingia, na wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wanafuata taa usiku, hawafuati ramani. Maji yaliyotolewa gesi yanarudishwa kwenye kina gani? Yakirudishwa juu mno yanaleta hidrojeni salfidi na virutubisho kwenye tabaka la samaki. Yakirudishwa vibaya chini yanachanganya matabaka ambayo ndiyo yanayoishikilia gesi isipande. Kanuni za pamoja za usimamizi wa gesi ya Kivu zilizoandikwa 2009 zinaligusa suala hili, kwa hiyo ulizeni kama mradi unazifuata, kipengele kwa kipengele.

---

Amani_Kyeshero:

Aksanti sana. Nina maswali mawili. Sambaza, ukisema mtambo ukae ufukweni, si unamhamishia mtu wa Bulengo au Kyeshero ya chini mzigo wetu? Na Maître, mpangaji asiye na parseli ana nini mkononi? Nusu ya watu wa avenue ni wapangaji.

---

Sambaza_243:

Ni kweli, ninamhamishia, na hilo lisifichwe. Injini za gesi zina kelele usiku na mchana. Barua yenu iseme kabisa: mtambo uwe mahali ambapo nyumba ya kwanza iko nje ya umbali wa hatari na kelele isizidi desibeli 55 mlangoni pake, kipimo wanachotumia Marekani kwa kompresa za gesi. Na watu wa ufukwe wawe kwenye kikao kabla barua haijaandikwa, wasije wakaisoma kwa mshangao. Kartie zikigawanyika, kampuni inaongea na kila moja peke yake.

---

Maître_Ndosho:

Mpangaji hana dai la ardhi, ana dai la makazi, la biashara na la usalama. Enquête publique ni ya kila anayeathirika, haimuulizi mtu hati. Aandike mkataba wake wa pango au risiti za miezi ya mwisho, kazi anayoifanya pale, kipato anachopoteza. Mama anayeuza makala mbele ya nyumba ahesabiwe. Wenye fiche parcellaire tu, bila certificat d'enregistrement (hati kamili ya umiliki), waanze kukusanya sasa majina ya majirani wanaoweza kushuhudia mipaka, kwa sababu siku ya kupima hakuna muda.

---

Fundi_Bomba:

Neno la mwisho kutoka kwangu, kuhusu nyufa za nyumba, maana lava ikivunjwa kwa nyundo ndilo litakalokuja kwanza, gesi bado haijafika.

Kabla mashine haijafika, kila nyumba iliyo ndani ya mita 50 ipigwe picha: kuta zote nne nje, kila chumba ndani, na kila ufa uliopo ukiwa na rula pembeni na gazeti au karatasi yenye tarehe. Penye ufa mkubwa bandikeni kipande cha plasta ya jasi juu yake na muandike tarehe. Ukuta ukisogea, plasta inapasuka, na hakuna wa kubisha. Mwenye nyumba na mtu wa kampuni wasaini kwenye picha. Akikataa, chef de quartier asaini. Kwa nyumba za kawaida kipimo cha Ujerumani cha DIN 4150 kinaanzia milimita 5 kwa sekunde za mtikisiko wa polepole, na 3 kwa majengo dhaifu. Andikeni 3, kwa sababu kuta nyingi hapa ni mawe ya lava na saruji kidogo, na kifaa cha kupimia kiwekwe kwenye msingi wa nyumba iliyo karibu zaidi na siyo kwenye gari la mkandarasi.

Kisha jaribio la maji. Kabla ya gesi, bomba linajazwa maji na kubanwa kwa presha mara 1.5 ya ile ya kazi, saa 8 bila kushuka. Ombeni grafu ya presha ya saa hizo zote, ikiwa imesainiwa. Na muulize maji hayo yatamwagwa wapi, maana Goma haina mto, yataingia kwenye lava na kuelekea ziwani mnakochota.